Miguu ya Damari

Kambi ya Nyuki, Itigi
9 Februari 2023

Mpwa wangu Winfrida,

Barua hii uipokee kwa mikono miwili, maana imetoka kwa mtu ambaye bila yeye treni haiondoki Itigi. Usicheke. Juzi stesheni masta alikuwa ameshainua bendera, akaniona natokea vichakani na ndoo zangu za asali, akaishusha. Akasema, "Mzee Melkizedeki hajapanda wala hajasema hapandi, nani ameruhusu treni?" Wala sikuwa napanda. Nilikuwa navuka reli tu. Abiria mia nne walikaa wakinisubiri nivuke.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye mjomba wako, kwa hiyo usiwe na hofu. Paskali, kondakta wa basi, ndiye aliyeniletea habari kwamba umejifungua tangu tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita, mtoto wa kike, miezi saba tu tumboni, kilo moja na gramu mia. Kilo moja! Mimi nilizaliwa na kilo sita, mkunga akaniweka chini akaenda kuita wenzake wamsaidie kunibeba. Lakini kilo si kitu. Mlambishe asali tone moja kwenye ulimi kila asubuhi, utaona.

Simu sipigi. Huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na kichuguu chenyewe kina foleni, na kila aliye kwenye foleni anasikiliza ya mwenzake. Siwezi kuulizia mambo ya uzazi mbele ya warina asali kumi na wawili. Nitakuandikia, Paskali atabeba, nawe unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Mumeo Calist bado yuko machimboni Geita? Mwambie arudi, mjomba kasema.

Marehemu mama yako alikuwa dada yangu pekee, nawe ndiye aliyeniachia. Nakuja. Jumamosi ya wiki ijayo nitakuwa mlangoni. Waambie manesi watafute kiti imara.

Mjomba wako,
Melkizedeki
Bwana Nyuki Mkuu (wa kujitegemea)


Wodi ya watoto njiti, Singida
21 Februari 2023

Mjomba,

Shikamoo. Jumamosi imepita. Kiti walikitafuta.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandika kwa mkono mmoja, mwingine umemshika mtoto. Nimemfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa chake chini ya kidevu changu, kanga juu yetu wote wawili. Wanaita kangaruu. Tunakaa hivi mchana kutwa na usiku. Nimempa jina la mama, Damari.

Asali hapana, mjomba. Nesi Scholastika amesema mtoto haonji asali mpaka atimize mwaka, inaweza kumdhuru. Usinune.

Nikwambie kinachonitia wasiwasi. Mtoto aliyetimiza miezi yake, ukimnyoosha mguu anaurudisha mwenyewe, anajikunja. Wako wawili hapa wa wodi ya jirani nimewaona. Damari ukimwinua mkono ukauachia, unaanguka kama kitambaa kibichi. Nesi anasema misuli yake bado ni milegevu. Zile wiki za mwisho mtoto anabanwa tumboni, na kule kubanwa ndiko kunakomfundisha kujikunja. Damari hakuzipata hizo wiki. Ndiyo maana akilazwa kitandani wanamzungushia kanga zilizoviringishwa, miguu imekunjwa, mikono karibu na mdomo, ili mwili udhani bado uko ndani.

Mama wa kitanda cha pili anapokezana na mama mkwe wake. Wa kitanda cha nne, mumewe huja kila jioni, anavua shati, anamweka mtoto kifuani, mama anakwenda kuoga na kula. Mimi nikienda kuoga namsikia Damari analia nikiwa kule bafuni, narudi na sabuni mwilini. Calist hapatikani tangu tarehe tatu. Mara ya mwisho aliuliza, "Ni mzima lakini?" nikasema, "Ni mdogo," akasema, "Nitapiga baadaye."

Nesi amesema hata mjomba anaruhusiwa kumbeba kangaruu. Nilicheka kidogo nikikufikiria umevua shati. Ni mara yangu ya kwanza kucheka humu.

Njoo basi. Hata nusu saa.

Winfrida


Itigi
6 Machi 2023

Mpwa wangu,

Unajua nilivyo mtu wa kutimiza ahadi. Jumamosi nilipanda basi alfajiri, nimevaa shati la kanisani. Hatujafika Mkiwa, tembo huyo, amelala katikati ya barabara. Dereva akazima gari. Watu wakaanza kusali, Waislamu upande wao, Wakristo upande wao. Wakasema, "Mzee Melki, wewe unajua wanyama." Nikashuka. Nikaenda mpaka karibu na sikio lake, nikamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, mimi nina mgonjwa Singida." Akafumbua jicho moja. Alitaka tuzungumze. Tumezungumza mpaka saa tisa, na alipoinuka, muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha, ikabidi nirudi.

Ile ndoo ya asali iliyoachwa getini kwa jina lako ni ya kwako, siyo ya mtoto, nimekusikia. Nilimpa Paskali ailete.

Kuhusu kuvua shati, mpwa wangu, mimi kifua changu kina makovu ya nyuki elfu moja na mia mbili. Kingemtisha mtoto.

Mjomba wako,
Melkizedeki


Mwankoko
18 Julai 2023

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa kimya miezi minne, nisamehe. Tuliruhusiwa mwezi wa nne, Damari akiwa na kilo mbili na kidogo. Nimepanga chumba hapa Mwankoko, uani kwa Mama Amne. Nashona nguo za shule dirishani, mtoto nikiwa nimemlaza kwenye kapu karibu na mguu wa cherehani. Calist alituma ujumbe mmoja mwezi wa tano: "Nimesikia mtoto ana matatizo." Nilimjibu hana. Hakujibu.

Siku nyingine hapa inaisha sijasema neno na mtu mzima yeyote zaidi ya "vifungo vingapi?"

Lakini leo nina habari njema na sina mwingine wa kumwambia. Damari anasimama! Mama Amne alimshika kwapani, akamweka miguu kwenye mkeka, miguu ikanyooka, magoti yakakaza kabisa, akasimama kama askari kwenye gwaride. Miezi sita! Alisimama kwa ncha za vidole. Mama Amne akapiga vigelegele mpaka wapangaji wakatoka. "Na walisema njiti!" Mimi nililia. Ule ulegevu uliokuwa unaninyima usingizi umekwisha, mjomba. Sasa miguu yake ni migumu hivi kwamba kumvalisha nepi ni kazi, mapaja hayataki kuachana. Ngumi anakunja muda wote. Ana nguvu kuliko mimi.

Kliniki ya viungo ni baada ya karibu wiki nne. Sijui kama kuna haja ya kwenda. Ni mbali, na nikienda siku nzima ya kazi imekufa.

Winfrida


Itigi
27 Julai 2023

Winfrida mpwa wangu, mama wa shujaa,

Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya kichuguu, kwa sauti, bila simu. Foleni yote imesikiliza. Warina asali wamevua kofia. Clement, ambaye ni mtu mgumu wa kusifia, amesema, "Mzee, hiyo ni damu yako." Nikamwambia, "Unaniambia mimi?" Mimi mwenyewe nilisimama siku ya tisa baada ya kuzaliwa, ya kumi na moja nikamfuata mama shambani nikidai uji.

Kliniki ya nini tena? Kliniki ni ya wagonjwa. Utampelekaje askari hospitali akapimwe kama anajua kusimama? Watakutafutia ugonjwa tu.

Sasa fanya walivyofanya bibi zetu. Chimba shimo dogo uani, la kumfika kiunoni. Msimamishe humo, mjazie mchanga laini pembeni umbane, mchanga uwe umepata jua la asubuhi. Robo saa asubuhi, robo saa jioni. Miguu inakomaa. Marehemu mama yako aliwekwa kwenye shimo hivyo, nakumbuka, nilikuwa nimekaa pembeni nikimfukuzia nzi. Akatembea kabla ya mavuno.

Nimeshawatangazia watu kwamba atatembea akiwa na miezi minane. Ningeweza kuja kulichimba mwenyewe, lakini nyuki wamehamia mizinga mipya na wana tabia ya kutotulia nisipokuwepo.

Mjomba wako,
Melkizedeki
Babu wa Askari


Itigi
9 Agosti 2023

Winfrida,

Barua yangu ya shimo uliipata? Watu wananiuliza ameshapiga hatua ngapi. Nimewaambia mbili, nisije nikaonekana najisifu.

M.


Mwankoko
15 Agosti 2023

Mjomba,

Shikamoo.

Shimo nililichimba. Mama Amne alileta jembe, wapangaji wakaja kutazama. Tulimsimamisha Damari, tukamjazia mchanga mpaka kiunoni. Alinyooka kama mti, kichwa akakitupa nyuma, mgongo ukajipinda kama upinde, akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho. Mama Amne akasema, "Mwache, anakomaa." Siku ya kwanza nikamwacha robo saa. Siku ya pili nikamwacha. Siku ya nne akawa anaanza kulia akiliona jembe.

Ilipofika siku ya kliniki nikakumbuka ulisema nisiende. Nikaenda kwa sababu ya kile kilio.

Mtaalamu wa viungo anaitwa Magreth, ni mdogo kuliko mimi. Alimvua Damari nguo, akakuta mchanga kwenye mikunjo ya mapaja.

"Mama Damari, mchanga huu wa wapi?"

Nikaanza kuupangusa kwa kanga.

"Mmemfukia?"

"Mjomba wangu alisema."

"Mjomba wako ni daktari?"

"Kwa maelezo yake, ndiyo."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akachukua mguu wa Damari, akaukunja polepole, ukawa unakataa, akasubiri, akakunja tena. Akasema, "Hii siyo nguvu, mama. Huu ni mkazo. Mguu wenye nguvu unakaza ukitaka na unaachia ukitaka. Huu haujajua kuachia." Alipouachia, vidole vilirudi kuchongoka chini. Akaniambia kila ninapomsimamisha nauongezea mkazo ule ule, na shimo lilikuwa linafanya hivyo mara mbili kwa siku.

Mjomba, nilikuwa nashangilia. Nililia kwa furaha.

Akaniuliza umri. Nikasema miezi saba. Akasema tuhesabu kuanzia siku aliyotakiwa kuzaliwa, tarehe ishirini na tano ya mwezi wa tatu, kwa hiyo Damari ana miezi minne na wiki tatu. Hatakiwi kusimama. Anatakiwa kuinua kichwa akilala kifudifudi, na kuleta mikono yake mbele ikutane. Hilo la mikono hawezi, mabega yanavutwa nyuma.

Nikamuuliza, "Atatembea?"

Hakunidanganya. Alisema watoto njiti wengi wanakaza hivi katika mwaka wa kwanza na baadaye mkazo unaondoka. Wengine hauondoki. Leo hawezi kusema Damari yuko upande upi, atamwangalia kila wiki mbili. Kazi yangu ni mazoezi. Alale kifudifudi akiwa macho. Abebwe ubavuni, miguu imetanuka kiunoni kwangu. Na liko zoezi moja ambalo linataka watu wawili: mmoja anampakata na kumletea mabega mbele, mwingine anashika nyonga na kuizungusha taratibu mpaka mguu ulegee. Mara tatu kwa siku. Nimejaribu peke yangu. Nikishika mabega, miguu inakaza. Nikishika miguu, kichwa kinaruka nyuma. Ana kilo tano na robo sasa na mimi nina mikono miwili tu. Mama Amne anaogopa, anasema asije akalaumiwa.

Magreth aliuliza, "Nani yuko nyumbani na wewe?" Kalamu ilikuwa juu ya kadi, inasubiri. Wanawake waliokuwa kwenye benchi walikuwa wanasikia. Nikasema, "Yupo mjomba." Akaandika. Jina lako liko kwenye kadi ya Damari, mjomba, sehemu ya msaidizi nyumbani.

Nilipotoka, mlinzi wa getini akanisimamisha. "Yule mzee wako wa asali hajambo?" Nikamwambia huyo alikuwa kondakta. Akasema, "Kondakta gani? Mzee mrefu, shati jeupe, mikono kama majembe. Mwezi wa tatu. Alisimama kwenye dirisha la wodi muda mrefu. Nikamwambia, ingia baba, muda bado upo. Akaniuliza, 'Hivi vitoto vyenyewe vinashikwaje?' Nikamwambia manesi watakuonyesha. Akaweka ndoo chini, akaondoka."

Dirisha lile lilikuwa nyuma ya kitanda changu. Ningegeuza kichwa tu.

Sikuulizi kwa nini. Nimechoka kuuliza watu kwa nini. Shimo nimelifukia. Usiniandikie mnyama mwingine yeyote. Njoo, au andika neno moja kwamba huji, nikaombe wakufute kwenye kadi, maana kila nikiifungua nakuta umo.

Winfrida


Itigi
2 Septemba 2023

Winfrida mwanangu,

Marahaba. Naona sikuwahi kukuitikia hata mara moja katika barua zote, nilikuwa nakimbilia habari zangu.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Sikuisoma kichuguuni. Niliisomea ndani, nikairudia pale kwenye mchanga mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mama yako tulimweka kwenye shimo, ni kweli, lakini yeye alikuwa mtoto mnene aliyetimiza miezi, na miguu yake ilikuwa inakunjika. Sikujua kwamba iko migumu ya namna nyingine. Nilisikia neno gumu nikalifurahia. Ningekuwa nimekaa kimya ungekwenda kliniki bila mchanga.

Jana nilipanda kichuguuni. Wakaniuliza, "Askari ameshafika hatua ngapi?" Nikawaambia hajapiga hata moja. Nikawaambia ana miezi mitano, siyo saba, na sababu zake. Clement akasema, "Kwa hiyo ulitudanganya?" Nikasema ndiyo. Hawakujua la kufanya na jibu hilo, hawajawahi kulisikia kwangu. Nikateremka.

Ile Jumamosi ya mwezi wa tatu, tembo hakuwepo. Barabara ilikuwa nyeupe, tulifika saa nne na nusu. Nilikuona mgongo. Ulikuwa umeinamisha kichwa, na juu ya bega lako palitokeza kichwa kingine chenye kofia, kidogo kuliko ngumi yangu. Nikaitazama ngumi yangu. Mimi, Winfrida, sijawahi kushika mtoto mchanga. Wewe mwenyewe ulipozaliwa nilisema nina mafua. Watoto wote wa ukoo nimewashika wakiwa wameshajua kukimbia. Nyuki wakiniuma sisikii, ngozi ya mikono yangu imekufa, na nilifikiri, mtu asiyesikia kwa vidole atajuaje kama anabana? Nikaona ndoo naijua kuishika, nikaiacha hiyo.

Mlinzi hakukuambia kwamba nilirudi mara ya pili. Nilifika kwenye kona, nikageuka, nikafika kwenye ukuta wa wodi, nikaondoka tena. Kwenye basi nilikaa siti ya nyuma, na kufika Mkiwa tembo alikuwa ameshapatikana.

Wasinifute kwenye kadi.

Mizinga nimemwachia Clement mpaka mwakani. Nakuja Alhamisi na basi la Paskali, na mara hii yeye ameagizwa asiniruhusu kushuka njiani kwa sababu yoyote, hata nikidai naumwa. Nitalala hapo uani, Mama Amne aniwekee mkeka. Wewe utashika nyonga, kwa kuwa wewe ndiye umeonyeshwa. Mimi nitampakata, nilete mabega mbele. Huyo Magreth anionyeshe mimi mwenyewe, na asinionee haya kwa umri wangu, anishike mikono aiweke panapotakiwa. Kama Damari atatembea au hatatembea, sitamtangazia mtu.

Jambo la mwisho, ukilisoma lichane. Uliandika ana kilo tano na robo. Nimenunua sembe kilo tano, nikaongeza robo ya chumvi, nikaufunga mfuko kwenye lile shati la kanisani. Naupakata asubuhi, mchana na jioni. Redempta, muuza chai, aliingia jana bila hodi akanikuta kwenye kigoda nauambia, "Legeza, mama, legeza mguu." Akatoka kinyumenyume na chai yake. Jumatatu uliniponyoka. Jumanne uliniponyoka ukapasuka, nimeokota unga chumba kizima. Tangu Jumatano haujaanguka.

Mjomba wako,
Melkizedeki